Mishipa ya jicho imeguswa na kisukari: je, ya ubongo?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 53, nina kisukari aina ya pili na huu ni mwaka wa kumi. Natumia metformini na glibenklamidi. Presha yangu mara nyingi husoma 150/90, ila sijaanzishiwa dawa yake. Hivi karibuni nilipimwa macho nikaambiwa vishipa vya nyuma ya jicho vimeanza kuharibika, ingawa naona vizuri. Kazi yangu ni uhasibu. Siku hizi hesabu niliyokuwa naimaliza mara moja nairudia mara mbili tatu, na nikikatizwa katikati najikuta nimepotea. Je, kilichotokea kwenye jicho kinatokea na kichwani? Nipige picha ya ubongo? Na hizi dawa zinazotangazwa kwamba zinasafisha mishipa, zina msaada wowote?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Ndiyo, vishipa vya jicho vikishaguswa na kisukari, ni busara kuchukulia kwamba na vile vidogo vya ubongo vimeguswa kwa kiasi fulani. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kipande cha ubongo kilichochomoza mbele wakati mtoto akiumbika tumboni mwa mama. Vishipa vyake vimejengwa kama vya ubongo, vina ulinzi uleule, na vinaumizwa na mambo yaleyale. Tofauti ni kwamba vya jicho daktari anavitazama kwa taa na lenzi, wakati vya ubongo vimefichwa ndani ya fuvu. Wenye kisukari ambao retina zao zimeathirika hupata kiharusi na matatizo ya kufikiri mara nyingi zaidi kuliko wenzao ambao retina bado ni nzima. Lakini kuguswa kuna ngazi nyingi, na kwa maelezo yako uko kwenye ngazi ambayo kuna mengi ya kuokoa. Kazi hiyo, nikisoma barua yako, inaanzia kwenye ile presha uliyoitaja kwa kupita tu.

Kabla sijafika huko, naomba unipe nafasi nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utajua kwa nini nasisitiza mambo fulani na mengine nayaacha.

Wengi wakisikia kisukari na mishipa, picha inayowajia ni ya mshipa ulioziba. Hilo lipo kweli. Mishipa mikubwa ya shingoni na ile ya chini ya ubongo hujijenga utando wa mafuta mapema zaidi kwa mwenye kisukari, na hatari ya kiharusi cha kuziba mshipa huwa takriban mara mbili ya mtu asiye na kisukari. Ila kuziba ni tukio la baadaye. Kabla yake kuna kipindi kirefu, pengine miaka mingi, ambacho mshipa uko wazi kabisa, damu inapita, na bado haufanyi kazi yake sawasawa. Umepoteza wepesi wa kuitikia. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hata ukiwa umekaa kimya unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote unayovuta. Tena hauna akiba. Msuli una wanga wake uliohifadhiwa, ini lina wake, ila ubongo hutegemea kile kinacholetwa na damu dakika hadi dakika. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi. Na kwa kuwa fuvu halitanuki, haiwezekani kumwaga damu nyingi kila mahali kwa wakati mmoja. Lazima igawiwe: sehemu inayofanya kazi sasa hivi ipewe zaidi.

Chukua safu ya tarakimu unayoijumlisha mezani kwako. Mara tu seli za neva za sehemu inayohusika zinapoanza kurushiana ishara, zinatoa kemikali zinazofika hadi kwenye ukuta wa kapilari, yaani kishipa chembamba kuliko vyote, iliyo jirani. Ujirani huo ni wa karibu mno; kati ya seli ya neva na kapilari yake kwa kawaida hakuna hata sehemu mbili za mia za milimita. Ukuta wa kapilari unaipokea ishara na kuirudisha nyuma, kinyume na mkondo wa damu, hadi kwenye mshipa mdogo unaoilisha. Msuli wa mshipa huo unalegea, njia inapanuka, na ndani ya sekunde moja au mbili damu inaanza kuongezeka mahali hapo. Kama sekunde ya tano hivi inafika kileleni. Kisha hesabu ikiisha, mshipa unarudi ulivyokuwa. Charles Roy na Charles Sherrington walieleza jambo hili huko Cambridge mwaka 1890, na picha za kisasa zinazoonyesha sehemu gani ya ubongo inafanya kazi zinategemea itikio hilohilo. Mashine haioni mawazo. Inaona damu ikikimbilia yanakofanyika.

Sasa ili mshipa ulegee, unahitaji vitu viwili viwe vizima. Cha kwanza ni tabaka la seli nyembamba linalofunika ukuta wa ndani, linaloitwa endothelia. Tabaka hili ndilo linalotengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayouambia msuli wa mshipa ulegee. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Cha pili ni seli zinazozikumbatia kapilari kwa nje, perisaiti, ambazo hubana na kulegeza na pia huusaidia ukuta ubaki imara.

Kisukari kinavipiga vyote viwili. Seli ya msuli wako au ya mafuta husubiri insulini ndipo ifungue mlango wa sukari. Seli ya endothelia haina kinga hiyo. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani yake. Inapoichoma sukari iliyozidi, mitokondria zake, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, hutoa chembe kali za oksijeni, na chembe hizo huivamia oksidi ya nitriki na kuiangamiza kabla haijafika kwenye msuli. Pia sukari hung'ang'ania protini za ukuta wa mshipa na kuzikakamaza, na protini zikishakakamaa hivyo hazirudi haraka hata sukari ikitulia. Perisaiti nazo hufa moja moja. Hilo lilionekana kwanza kwenye retina, katika kazi ya David Cogan na wenzake mwaka 1961, na mpaka leo ni moja ya alama za mwanzo kabisa za madhara ya kisukari kwenye jicho.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Insulini yenyewe, mbali na kushughulikia sukari, huiambia endothelia itoe oksidi ya nitriki. Katika kisukari aina ya pili mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini, na ugumu huo uko mpaka kwenye mishipa. Njia ya kulegeza imeziba masikio, wakati njia nyingine ya insulini, inayotoa endothelini ambayo hubana mshipa, inaendelea kusikia vizuri. Kwa hiyo mizani inaelemea upande wa kubana. Ugumu huu huanza kabla sukari haijafikia kiwango cha kuitwa kisukari, na ndiyo maana napata uchungu ninaposikia mtu akiambiwa "una sukari ya mpakani tu, usijali".

Itikio hili linaweza kupimwa, na linapimwa kwenye jicho. Mtu anakaa mbele ya kamera maalumu, anamulikiwa mwanga unaomemeteka haraka, na kamera inapima upana wa vishipa vya retina kabla na wakati wa mwanga huo. Kwa mtu mzima wa afya vinapanuka ndani ya sekunde chache, kwa sababu retina imepewa kazi na inadai damu. Kwa mwenye kisukari vinapanuka kidogo tu, hata kama daktari akimtazama kwa lenzi hajaona doa wala uvujaji wowote. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walipima maelfu ya watu na kukuta upungufu huo umeanza hata kwa wale ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kiwango cha kisukari. Kwa wewe ambaye uharibifu tayari unaonekana kwa lenzi, maana yake ni kwamba wepesi wa kuitikia ulipungua zamani kidogo.

Madhara mengine ni ya ukuta wenyewe. Kapilari za ubongo si kama za mkono au tumbo. Seli zake zimeshonana kiasi kwamba vitu vingi vya kwenye damu havipiti hivihivi. Ni kama mlango wenye bawabu anayemwita kila mgeni kwa jina kabla ya kumruhusu. Perisaiti zikifa na endothelia ikichoka, mshono unalegea. Protini za damu ambazo hazikupaswa kuingia huingia, seli za ulinzi za ubongo huchokozeka, na uvimbe mdogo wa kudumu hujijenga mahali hapo. Uvujaji wa namna hii umeonekana kwa binadamu kwa vipimo vya picha, hasa kwa wenye ugonjwa wa vishipa vidogo.

Sasa tuje kwenye presha, kwa sababu hapa ndipo mambo mawili yanakutana.

Mishipa midogo ya ubongo ina kazi nyingine zaidi ya kuitikia seli za neva. Presha ikipanda, inajibana. Presha ikishuka, inajipanua. Na kwa njia hiyo damu inayofika kwenye kapilari hubaki karibu kiwango kilekile. Ndiyo maana unaweza kupanda ngazi, kukasirika, kuinama na kuinuka, na ubongo wako usihisi chochote. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu uwezo huo hupungua. Mshipa uliokakamaa haujibani kwa wakati, na mapigo ya moyo yanashuka na nguvu zake zote hadi kwenye kapilari ambazo ukuta wake tayari umepoteza perisaiti. Kwa hiyo 150/90 yako si sawa na 150/90 ya mtu asiye na kisukari. Namba ni ileile, ila kinachofika ndani kabisa ya ubongo ni kikali zaidi.

Ushahidi hapa ni wa zamani na ni imara. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, UKPDS, ulichapisha matokeo yake ya presha mwaka 1998. Watu wenye kisukari aina ya pili na presha waligawanywa: kundi moja lilidhibitiwa kwa ukali zaidi, likafikia wastani wa 144/82, na jingine likabaki kwenye 154/87. Viharusi vilipungua kwa asilimia 44 katika kundi la kwanza. Angalia ukubwa wa tofauti hiyo ya presha: pointi kumi juu, tano chini. Sioni kitu kingine kwenye barua yako ambacho kingekupa faida kubwa kiasi hicho kwa bei ndogo kiasi hicho. Miongozo mingi ya sasa inamlenga mtu kama wewe kushuka chini ya 130/80, mradi avumilie bila kizunguzungu.

Kwa hiyo naomba urudi kwa daktari wako na swali moja lililonyooka: kwa nini sijaanza dawa ya presha? Nenda na vipimo ulivyojipimia nyumbani, asubuhi na jioni kwa wiki moja, umekaa na kupumzika dakika tano, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Omba pia mkojo upimwe protini iitwayo albumini. Figo ni dirisha la pili la vishipa vidogo baada ya jicho, na kama albumini inavuja, daktari atapendelea dawa za kundi la ramipril au losartani ambazo zinalinda figo huku zikishusha presha. Mwambie akupime na ukiwa umesimama. Kisukari kinaweza kuwa kimeathiri neva zinazoshika presha mtu anapoinuka, na hatutaki kuitibu ya kukaa halafu uanguke ukisimama.

Sasa hesabu zako. Kwa nini hesabu, na si kusahau sura za watu?

Ndani ya ubongo, chini ya gamba la juu, kuna sehemu nyeupe: mamilioni ya nyaya za neva zinazounganisha eneo hili na lile. Damu yake inaletwa na vishipa virefu, vyembamba, vinavyopenya kutoka juu na kutoka chini ya ubongo, na kila kimoja kina eneo lake ambalo majirani hawawezi kulisaidia vya kutosha kikishindwa. Vishipa hivi ndivyo vinavyoumia zaidi na presha na kisukari vikiungana. Vikichoka, nyaya hupoteza ubora wake, na dalili yake ya kawaida ni kuchelewa. Mtu bado anajua, bado anakumbuka, ila inamchukua muda zaidi. Kushika mambo mawili kwa pamoja kunamtoa jasho, na akikatizwa anapoteza mahali alipofika. Maelezo yako yanafanana na hilo kwa kiasi ambacho nisingependa kulipuuza.

Lakini yanafanana na mambo mengine pia, na baadhi yake yanatibika ndani ya wiki chache. Ningekuwa nakuona ana kwa ana, haya ndiyo ningeyatafuta kwanza.

La kwanza ni sukari kushuka. Glibenklamidi huchochea kongosho litoe insulini hata kama hujala, na katika kundi lake ni miongoni mwa zinazoshusha sukari kupita kiasi mara nyingi zaidi. Ubongo unaoishi kwa glukosi ukiipata pungufu, kinachoyumba mapema ni umakini na kasi. Jiulize: hesabu zinakupotea saa ngapi? Kabla ya chakula cha mchana? Siku uliyochelewa kula? Je, kuna jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu? Safari ijayo ukijikuta umepotea kwenye hesabu, usisubiri, jipime sukari palepale kwa kidole. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au 70 mg/dL kwa mashine zinazosoma hivyo, tumepata mhalifu mmoja: kunywa au kula kitu chenye sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha mweleze daktari ili dawa ibadilishwe. Usiiache mwenyewe ghafla.

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wapo wagonjwa wenye bidii ambao wakisikia sukari inaharibu mishipa, wanaamua kuishusha mpaka chini kabisa. Utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada ulijaribu jambo hilo kwa zaidi ya watu 10,000 wenye kisukari aina ya pili waliokuwa kwenye hatari ya moyo. Kundi moja lililenga HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 sehemu hiyo ikasitishwa kwa sababu vifo vilikuwa vingi zaidi katika kundi hilo. Na walipopimwa uwezo wa kufikiri baada ya miezi 40, hawakuwa bora kuliko wenzao. Sukari iliyoshuka vibaya mara kwa mara imehusishwa na ongezeko la shida ya akili uzeeni. Kwa wengi lengo la chini kidogo ya asilimia 7 linatosha, na kwa mzee au mwenye magonjwa mengine tunalegeza zaidi. Sukari iliyotulia, isiyopanda na kushuka kwa kishindo, ndiyo ninayoitamani kwa ubongo wako.

La pili ni metformini. Ni dawa nzuri na sikushauri uiache, ila ikitumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 unaleta usahaulifu, uchovu na ganzi miguuni. Ganzi hiyo mara nyingi inabambikiwa kisukari, ikaachwa. Miaka kumi ya metformini inatosha kabisa kuomba kipimo hicho. Waangalie na tezi ya shingo kwa damu hiyohiyo.

La tatu ni usingizi na hali ya moyo. Kama unakoroma kwa nguvu, unaamka na kichwa kizito, au mwenzako amekuona ukikata pumzi usiku, sema. Oksijeni inayoshuka na kupanda usiku kucha inapandisha presha na inaichosha endothelia ileile tunayojaribu kuiokoa. Umri wako pia ni wa kukoma hedhi, ambako usingizi huvurugika na umakini hupungua kwa wengi. Na sonona ni ya kawaida zaidi kwa wenye kisukari kuliko wasio nacho. Mhasibu aliyevunjika moyo anafanya hesabu polepole hata mishipa yake ikiwa salama.

Kuhusu dawa zinazosafisha mishipa, dada yangu, ziache. Hakuna kinywaji, kidonge cha mitishamba wala mchanganyiko unaopita ndani ya mshipa na kukwangua kilichojengwa na miaka kumi. Hata ginko, dawa ya mmea ambayo inasifiwa sana kwa kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 na haikuzuia shida ya akili. Tena inaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia aspirini. Kilichothibitika ni kitu kisicho na matangazo mengi, statini, yaani dawa za kushusha lehemu. Katika utafiti uitwao CARDS, uliochapishwa mwaka 2004, watu wenye kisukari aina ya pili wasio na ugonjwa wa moyo walipewa atovastatini miligramu 10 kwa siku, na viharusi vikapungua kwa karibu nusu. Kwa umri wako na kisukari chako unastahili kuizungumzia dawa hiyo na daktari hata kama lehemu yako si ya kutisha. Aspirini ni habari nyingine. Kwa aliyekwishapata kiharusi cha kuziba ina nafasi yake. Kwa ambaye hajapata, hatari ya kutokwa damu mara nyingi inakula faida, kwa hiyo usijianzishie.

Zipo pia dawa mpya za kisukari za sindano, kama semaglutidi na dulaglutidi, ambazo katika majaribio zimepunguza viharusi. Zikipatikana na ukizimudu zinaweza kuchukua nafasi ya glibenklamidi, na hapo hatari ya sukari kushuka inapungua. Ila kwa mwenye retina iliyoathirika kuna tahadhari: sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa haraka mno, macho yanaweza kuzorota kwa muda. Hilo limeonekana kwa insulini na kwa semaglutidi. Mtaalamu wa macho akuone kabla ya kuanza na akufuatilie baada ya hapo.

Mazoezi nitayasema kwa ufupi kwa sababu umeyasikia mara nyingi, ila huenda hukuambiwa sababu hii: damu inapopita kwa kasi juu ya endothelia, mkwaruzo wake wenyewe unaiamsha itengeneze oksidi ya nitriki. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunaufanyisha mazoezi ukuta wa mshipa moja kwa moja. Sigara hufanya kinyume kabisa. Kama unavuta, au unakaa na anayevuta ndani, hapo pana kazi.

Jambo moja ninalotaka watu wa nyumbani kwako walijue pia. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka au kupoteza nguvu, maneno yakiwa hayaeleweki, na yote yamekuja ghafla, ni hospitali mara moja, hata kama yamepita baada ya dakika chache. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika ya kusubiri inapoteza seli. Waandike dalili zilianza lini, au mara ya mwisho walikuona mzima lini. Wapime na sukari yako wakati usafiri unatafutwa, kwa sababu sukari iliyoshuka sana inaweza kuiga kiharusi kwa kila kitu. Wasikupe chakula, kinywaji wala kidonge ikiwa usemi umeharibika au fahamu haziko sawa. Kumeza kunaweza kuwa kumeharibika pia.

Na sasa picha ya ubongo. Kwa leo, nisingekuagizia MRI kwa sababu ya jicho peke yake. Picha hiyo ingeweza kuonyesha madoa meupe kwenye sehemu nyeupe, na kwa umri wako na presha yako ningeshangaa kidogo isipoyaonyesha kabisa, lakini matibabu yangekuwa haya haya niliyokueleza. Ningeanza na presha, ningebadilisha au kupunguza glibenklamidi ikithibitika sukari inashuka, ningesahihisha B12 ikiwa chini, na ningemwomba daktari akufanyie jaribio fupi la kufikiri sasa hivi, la dakika kumi na tano hivi, ili tuwe na alama ya kulinganisha. Baada ya miezi sita unarudia jaribio hilohilo. Kama alama zimeshuka licha ya presha na sukari kutulia, au kama katikati ya hapo umeanza kuyumba ukitembea, mkojo unakutoka bila kujizuia, maumivu mapya ya kichwa yasiyoisha, au upande mmoja wa mwili umebadilika hata kidogo, hapo picha inahitajika, na usikubali kuahirishiwa.